Mwanamke wa Sikio la Kushoto

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: mume akiziba masikio ndani ya nyumba isiyo na kelele, anamfungia nani mlango, na amebaki na nani huko ndani?

Verna Tveit alijiuliza hivyo Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa moja na nusu asubuhi, akiwa amesimama mbele ya jiko na mwiko wa uji mkononi. Nyuma yake, mumewe Einar alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwa dirisha. Alitoa mfukoni kikopo cha bati kilichowahi kuwa cha tumbaku, akakifungua kwa ukucha, akachukua vizibo viwili vya manjano, vile laini vya kuminywa. Cha kulia alikisukuma haraka haraka. Cha kushoto alikiminya taratibu, akakiingiza kidogo kidogo, kama mtu anayegeuza ufunguo asitake wenye nyumba wasikie. Kisha akafumba macho, akatabasamu.

Kijiko cha sukari kilichokuwa mezani kikajigeuza, mpini ukaelekea sikio lake la kushoto. Verna akakirudisha kilipokuwa. Vijiko vilikuwa vikifanya hivyo tangu masika, na alishazoea kuvipanga upya.

Einar alikuwa mpasua magogo katika kiwanda cha mbao cha Tarrow Lake kwa miaka thelathini na minne. Alisimama mbele ya msumeno mkubwa kuliko mlango wa kanisa, akaulisha mti wa msonobari mmoja baada ya mwingine, bila kitu masikioni. Miaka ile wasimamizi walisema mpasuaji akiziba masikio hatasikia msumeno ukianza kuwa butu, na msumeno butu huua watu. Vizibo vilipoanza kugawiwa, kwenye ndoo kando ya mlango, Einar alikuwa amebakiza miaka michache tu. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani. Wiki ya pili mlio ukaanza katika sikio la kushoto, mwembamba, mrefu, haukati. Kiwanda kiliandika barua kwamba mlio ule ni uzee. Einar alikuwa na miaka sitini.

Mara ya kwanza walikwenda pamoja kwa Lorraine Duchesne, mpimaji wa masikio aliyekuja mjini kila Jumatano ya pili na kufanyia kazi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Bi Lorraine alieleza vizuri, na Verna alikumbuka neno kwa neno. Vizibo, alisema, havileti mlio wala haviuondoi. Mahali penye makelele ni lazima, vinaokoa usikivu uliobaki. Lakini nyumbani, penye kimya, ukiziba masikio unafukuza sauti zote za nje, na mlio unabaki peke yake, unakuwa mfalme. Hedifoni nazo, ukifungulia muziki kwa nguvu unaliua sikio. Ukiweka sauti ya chini, ya mvua kwa mfano, mlio unarudi nyuma kidogo, nawe unapata nafasi ya kusikia vingine. Einar aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Walipotoka akapita duka la vifaa, akanunua pakiti nzima ya vizibo.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia Verna, na uliingia kwa miguu miwili. Mtu anayesumbuliwa na kitu hukikimbia. Huyu alikuwa amepewa ramani ya mlango wa kutokea, akaisoma kinyumenyume ili aingie ndani zaidi.

Halafu Einar alianza kumjibu aliye humo ndani.

Haikuwa kila siku. Angekuwa anakula viazi vyake, uma hewani, mara aseme, "Ya bluu ni mazuri zaidi." Verna hakuwa amemwuliza chochote. Siku nyingine alicheka hadi akafuta machozi. Siku nyingine alisema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, "Pole, mpenzi. Umechoka sana leo."

Mpenzi. Verna alikaa na neno hilo siku nzima. Alilikuta alipokuwa akianika shuka, akalikuta tena alipoinama kung'oa karoti. Katika ndoa ya miaka thelathini na minne aliwahi kuitwa Verna, na mama, na mara moja, kwenye harusi ya jirani, mwali. Mpenzi hakuwahi.

Akaanza kuchunguza. Alinusa kola za mashati, zikanuka sabuni. Alipita mbele ya nyumba ya Ruby Castellani, aliyekuwa mpishi wa kantini ya kiwanda na ambaye wanaume walisema alikuwa na sauti ya kinanda, akamsikiliza akimkaripia mbwa. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye kikohozi. Hakuwa yeye. Akasikiliza na mlio wenyewe, kwa kuwa wakati huo ulikuwa umekua na ulisikika kwa yeyote aliyekaa karibu na Einar. Fundi aliyekuja kulinganisha kinanda cha kanisa la Kilutheri alimwomba Einar akae benchi la mbele, akakaza nyuzi zote kwa kufuata mlio wa sikio lake, kisha akamshukuru akafunga mkoba. Tangu hapo kila Jumapili Verna aliimba zaburi kwa kufuata sauti ya yule mwanamke wa sikioni. Alikuwa akifumba mdomo kwenye noti za juu.

Binti yao Karin alikuwa akiishi Kamloops, mwendo wa saa nne kwa gari. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na Jumapili moja akasema alilokuwa akilizunguka tangu masika.

"Mama, wewe ni mjane mwenye mume. Chumba cha chini kipo, kina dirisha. Nakuja Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani na gari la mizigo. Ukitaka kupanda, panda. Usipotaka, nitakunywa kahawa nirudi."

Verna akasema atafikiri. Lakini hakuwa na cha kufikiri. Alijua analotaka tangu simu ilipokatwa, na lilikuwa dogo hata aibu kulitaja: Einar amwambie abaki. Asimwombe kwa machozi. Aseme tu, baki, kama mtu anavyosema, lete chumvi. Na aseme mwenyewe, bila kuambiwa aseme, maana ukimwekea mtu neno mdomoni unalipokea likiwa limelowa mate yako.

Basi akamweleza habari ya Karin, mezani, mara ya kwanza. Einar akaitikia kwa kichwa. Akamweleza mara ya pili, polepole. Einar akasema, "Akae tu hadi Pasaka, mama yako hana neno." Mama yake Verna alikuwa kaburini kwa miaka ishirini na moja sasa.

Karin alituma kwa posta hedifoni na kaseti ya mvua, kama Bi Lorraine alivyoshauri. Verna alimvisha Einar mwenyewe, sauti chini kabisa. Mvua ile ilivuja kidogo kwenye bega la kushoto, naye akamwekea taulo. Siku ya kwanza mlio ulirudi nyuma. Siku ya pili vijiko vilitulia kwenye droo. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, Einar aliinua uso akamtazama mkewe kana kwamba ameshuka kwenye basi, akasema, "Supu imezidi chumvi."

Verna alifurahi kuliko siku ya kuchumbiwa. Akachukua kiti, akasogea, akafungua mdomo aseme habari ya Jumamosi. Einar alikuwa ameshavua hedifoni, anakamua maji ya kola.

"Siku tatu nimezipoteza," alisema. Alikuwa na huzuni ya kweli. Akatafuta kikopo chake cha bati.

Verna alikwenda chumbani akalikunja taulo lile mara nne, halafu akalikunjua, halafu akalikunja tena.

Alhamisi alikwenda kwa Gurdev Sahota. Gurdev alikuwa amepanda kigari cha magogo mbele ya Einar kwa miaka ishirini na sita, yeye akilishika gogo, Einar akilipasua, na katika miaka hiyo hawakuwahi kusikiana sauti kazini hata mara moja. Waliongea kwa mikono. Kiwandani kila mtu aliijua lugha ile. Vidole vilikuwa inchi za unene wa ubao. Kugusa ncha ya pua kulimaanisha msimamizi, kwa sababu msimamizi wa kwanza alijaliwa pua. Kidole cha pete kikigongwa mara mbili, mke; mara tatu, mke amekasirika. Wanaume walitaniana kutwa nzima kwa lugha ile wakacheka bila sauti, na jioni wakarudi majumbani kama viziwi. Verna hakuwahi kufundishwa hata ishara moja. Hilo nalo lilikuwa donge la siku nyingi.

Gurdev alimkaribisha chai yenye iliki. Mkewe, Surinder, akaleta chapati na kachumbari ya karoti, akakaa asikilize. Verna akaeleza shida yake, lakini ya mwanamke wa sikioni hakuitaja. Alisema tu kwamba Einar hasikii na yeye ana neno la haraka.

"Shemeji, mumeo hata malaika wa kifo akimjia atamwonyesha kiganja, asubiri," Gurdev alisema. "Sheria yake ilikuwa moja. Gogo likiwa kwenye msumeno, mpasuaji hasemeshwi. Likitoka, ndiyo. Mimi siku baba yangu alipofariki nilingoja magogo matatu ndipo nikamwambia."

"Na alisema nini?"

"Alizima msumeno. Kiwanda kizima kikasimama. Akanishika bega." Gurdev akamega chapati. "Lakini nilingoja magogo matatu."

Surinder akamwambia mumewe aache hadithi amfundishe mwenzake. Neno baki halikuwamo katika lugha ile, hakuna aliyelihitaji. Wala neno niombe. Wakahangaika, Gurdev akijaribu hili na lile hewani, mkewe akimcheka kwamba anafukuza nzi. Mwisho wakakubaliana: kidole cha pete mara mbili, mke, kidole gumba begani, anaondoka, kisha vidole vyote vikunjwe kama kucha za paka, shika. Ndiyo ishara ya kuamuru meno ya kigari yalibane gogo lisiteleze.

Verna alijizoeza njia nzima, mikono ndani ya mifuko ya koti.

Einar alikuwa uani, ameketi juu ya gogo la kupasulia kuni, vizibo masikioni. Majani ya msonobari, membamba kama sindano, yalikuwa yakidondoka njano, na yale yaliyodondoka karibu naye yalilala yote upande mmoja. Verna akasimama mbele yake. Mke, akaonyesha. Anaondoka. Shika.

Einar alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi alimtazama mikono kwa makini, kama mtu anayesoma barua. Uso ukamchangamka. Akainua vidole vinne, kisha akaongeza cha tano, nyusi juu, akingoja.

Alikuwa anauliza inchi ngapi.

Verna alimtazama. Wivu ukampanda kutoka magotini. Akanyoosha mkono akachomoa kizibo cha kushoto kwenye sikio la mumewe, kikiwa bado na joto, akakiingiza katika sikio lake mwenyewe. Alitaka kumsikia huyo mwanamke angalau mara moja, ajue ana nini.

Mwanzoni ulikuwa mlio tu. Halafu ukapanuka, kama jicho linavyozoea giza, na ndani yake mlikuwa na kelele za sahani, na mtoto analia, na mwanamke anayezungumza. Sauti yake ilikuwa changa, ya haraka, yenye kicheko kilichojificha nyuma ya kila neno. Alikuwa akisema kwamba Karin ameota jino la nne na amemng'ata paka. Akasema mapazia ya bluu yanapendeza lakini yanaonyesha vumbi. Akauliza, "Einar, unanisikia?" Hakuna aliyejibu. Akaendelea na habari ya paka.

Verna alimjua. Alilijua hata lile gauni alilokuwa amevaa.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe," Einar akasema. Sikio moja likiwa wazi, alisikia vizuri. "Mwaka sitini na tatu."

Akaeleza kwa utulivu, kama anavyoeleza namna ya kunoa. Kila jioni alirudi kutoka kiwandani masikio yakiwa yamejaa msumeno, na kwa saa mbili hakuna kilichopita. Ndizo saa alizokuwa akila, na mkewe akiongea. Maneno yaliingia yakakuta mlango umefungwa, yakapanga foleni. Alipostaafu msumeno ukatoka, nayo yakaanza kupita, moja moja, kwa mpangilio. Alianza na mwaka wa sitini, wiki ya harusi. Sasa alikuwa amefika vuli ya sitini na tatu. Hakutaka kuruka hata moja. Alikuwa anayajibu yote.

"Unachekesha sana," alimwambia. "Sikujua."

Hapo Verna angeweza kusema. Sikio lilikuwa wazi, mtu alikuwa mbele yake. Lakini alikuwa akimfikiria yule wa miaka ishirini na sita, mwenye kucheka, anayeitwa mpenzi, anayepewa pole za uchovu wa mwaka sitini na tatu. Alikuwa amejiandaa kushindana na Ruby Castellani. Hakuwa amejiandaa kwa huyu. Huyu alikuwa na meno yote. Na mwanamume alikuwa wake, alimsikiliza kutwa, wakati yeye, aliyezaa na kuzika na kuchota theluji mlangoni kwa miaka yote ile, alikuwa akisimama uani akipiga ishara za mbao.

Akahesabu. Kwa mwendo huo, Einar angefikia maneno ya Alhamisi ya leo akiwa na miaka sabini na minne. Na hapo ni asipougua.

Einar alinyoosha kiganja. "Rudisha, tafadhali," alisema. "Bado unaongea."

Verna alitaka kukitupa kile kizibo ndani ya theluji, lakini theluji ilikuwa bado haijaanguka. Na kwa sikio lake la kushoto alimsikia yule msichana akiuliza tena, unanisikia, na akakumbuka ilivyokuwa, sahani mkononi, kumtazama mtu akitafuna. Hakumpenda hata kidogo. Lakini hakuweza kumwacha akiongea na ukuta. Akamrudishia Einar kizibo. Einar akakiminya, akakiingiza taratibu, akafumba macho, na baada ya muda akasema kwa upole, "Nakusikia, mpenzi."

Verna akaingia ndani, akashusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Sikukuu ya Shukrani ilikuwa Jumatatu. Alipika bata mzinga na pai ya maboga, wakala wawili. Einar alisifu samaki. Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa Verna aliosha madirisha, akajaza friza, akaandika kwenye kila kopo kilichomo na siku ya kukila. Alimfundisha Einar mashine ya kufulia kwa kumwonyesha kwa kidole. Hakumwambia tena habari ya Karin, na Einar hakuuliza sanduku la mlangoni ni la nini. Alilizunguka akipita.

Jumamosi saa nne asubuhi gari la mizigo liliingia uani. Karin akaingia, akambusu baba yake kichwani, akanywa kahawa akiwa amesimama. Alimwuliza mama yake kwa macho. Verna akavaa koti. Karin akachukua sanduku na mashine ya kushonea, akatoka, akawasha injini.

Einar alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwa dirisha. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza habari ndefu na tamu. Vijiko vyote vya nyumba ile vilikuwa vimemwelekea.

Verna alimtazama kwa muda wa kutosha kuchemsha yai. Alikuwa amengoja gogo litoke miaka thelathini na minne, na aliona wazi kwamba halitatoka leo. Angeweza kuondoka kimya. Lakini akawaza siku ile Einar atakapofikia maneno ya leo, akiwa na miaka sabini na minne, na kukuta kimya mahali ambapo yule mwingine aliacha maneno kila jioni bila kukosa. Hakutaka huyo amzidi na hapo.

Akainama. Akaweka mkono mmoja kwenye egemeo la kiti, akasogeza mdomo karibu na sikio la kushoto, karibu kabisa na kizibo cha manjano, hata mlio ukamtekenya midomo. Akasema polepole, kila neno likipata nafasi yake mwishoni mwa foleni.

"Einar, sitaki kwenda. Niambie nibaki."